Ilikuwa Hewa Tu

Jina la Hakimu alipewa na mchomeleaji wa jengo la jirani, nalo lilimkaa sawasawa kama ovaroli iliyoshonwa kwa kipimo chake. Gari likiletwa linachemsha, fundi huyu alifungua boneti, akaubinya mpira wa juu wa rejeta kwa vidole viwili, akanusa, akachungulia moshi wa nyuma, kisha akafuta mikono taratibu na kutamka: "Gasketi imeungua. Tunafungua hedi." Kufungua hedi ni kufumua kichwa chote cha injini, kazi ya fedha nyingi. Siku mbaya zaidi alisema, "Injini imekufa, usijisumbue." Hapo mchomeleaji aliinua miwani yake nyeusi na kupaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, "Korti imefungwa! Wote simameni!" Wateja walicheka, hata wale waliokuwa karibu kulia.

Hakuna aliyewahi kukata rufaa. Hakimu alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na tisa ya mwisho alikuwa na gereji yake mwenyewe: paa la mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, meza ya chuma yenye jiriwa, na ukuta aliouchora vivuli vya spana kwa rangi nyeusi ili kila spana ijue inaporudi. Ufundi aliupata kwa mjomba wake, kwenye malori makuukuu ambayo rejeta yake ilisimama mbele, juu, na mfuniko wake ukawa juu kuliko kitu kingine chochote chenye maji. Ulijaza, ukawasha, ukaongeza kidogo, ukaenda zako. Hewa ilitoka yenyewe kama moshi wa jikoni. Mjomba hakumwambia habari za hewa kwa sababu hata yeye hakuna aliyemwambia.

Magari madogo yalipokuja, yenye pua fupi na rejeta iliyoinama chini ya injini, Hakimu aliyajaza maji vilevile. Mengine yalipona. Mengine yalichemka, naye akayahukumu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne asubuhi. Muuguzi mmoja aliingia gerejini na kigari cha buluu kinachofuka mvuke, akashuka akiwa bado na sare na viatu vyeupe vya kazini. Wiki moja kabla, Hakimu alikuwa amembadilishia pampu ya maji.

"Kaka fundi, limenisimamisha mara mbili njiani," alisema. "Mshale unapanda mpaka juu, ghafla unashuka, halafu unapanda tena. Na nyuma ya dashibodi kuna kitu kinabubujika, kama mtu anasukutua mdomo."

Hakimu alifungua boneti. Akabinya mpira wa juu: moto. Akagusa wa chini: baridi kabisa. Akafuta mikono.

"Gasketi, dada. Tunafungua hedi."

"Wiki iliyopita gasketi ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

"Sasa imeungua lini?"

"Dada yangu, mambo haya hayapigi hodi."

Mchomeleaji akaanza kuinua miwani. Lakini muuguzi hakucheka, wala hakulia. Alirudi garini, akafungua kisanduku cha mbele, akatoa kitabu chembamba kilichonunuliwa pamoja na gari na ambacho, kwa jinsi kurasa zilivyogandamana, hakikuwahi kufunguliwa na yeyote kabla yake. Ukurasa mmoja alikuwa ameukunja pembe.

"Nilikisoma jana wakati wa mapumziko," alisema. "Hapa wanasema ukimwaga maji ya injini na kujaza upya, lazima utoe hewa. Kuna skrubu yake. Wewe uliitoa?"

"Skrubu gani?"

Muuguzi akainama juu ya injini, akaitafuta kwa macho, kisha akanyoosha kidole. Palikuwa na skrubu ndogo ya shaba juu ya nyumba ya thamostati, imefunikwa na vumbi na mafuta. Hakimu aliijua. Alikuwa ameiona mara mia moja, mia mbili. Kila alipoosha injini alipitisha brashi juu yake. Siku zote aliichukulia kuwa kizibo cha tundu la kiwandani, kitu cha kujaza nafasi tu.

"Hiyo si kitu," alisema.

"Tuifungue basi, kama si kitu."

Hapo ndipo Hakimu alipopaswa kukasirika, na mwenyewe baadaye alishangaa kwa nini hakukasirika. Labda ni ile sauti ya uchovu. Mwanamke yule hakuwa anabishana naye; alitaka kwenda kulala. Alikaa kwenye benchi, akasema kwanza injini ipoe kabisa, maana ameshauguza vifua na nyuso za watu waliofungua rejeta ya moto. Wakangoja. Jua lilipofika kwenye meza ya chuma, alikwenda kuweka kiganja juu ya injini kama anayepima homa, akasema, "Sasa."

Wakaliinua gari mbele kwa jeki mbili na kuliwekea vigingi, ili pua iwe juu. Muuguzi akazungusha kitufe cha hita mpaka mwisho wa joto, ili maji yapate njia ya kupita huko nyuma ya dashibodi. Hakimu akachomeka faneli kwenye mdomo wa rejeta, akamimina kulanti, yale maji ya kijani ya kupozea injini, kidogokidogo, na kwa spana nambari nane akailegeza ile skrubu ya shaba.

Iliguna kidogo. Halafu ikapuliza.

Ilikuwa pumzi ndefu, nyembamba, yenye harufu ya kutu, ikitoka ndani ya injini ambayo yeye mwenyewe aliifunga wiki moja nyuma na kuapa imejaa. Alimimina, nayo ikapuliza. Kopo zima la lita likaingia, akafungua la pili.

"Haya maji yanakwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mahali ilipokuwa hewa," alisema muuguzi. "Mimi niko wodi ya figo. Mashine zetu zinatoa damu ya mtu nje, zinaisafisha, zinamrudishia. Kabla hatujamfunga mgonjwa tunaijaza mipira yote maji, tunaigongagonga, tunaiinua, mpaka kisibaki hata kiputo. Hewa ikibaki, mashine inapiga kelele na kusimama yenyewe. Hii yako haina kelele, ina mshale tu."

Kwenye skrubu maji yakaanza kutoka na mapovu mengi, yanatema na kukohoa. Hakimu akaruka.

"Umeona? Mapovu! Si nilikwambia? Mapovu ni gasketi!"

"Subiri."

"Nisubiri nini? Miaka yote—"

"Yakiisha je?"

"Hayaishi."

"Ndiyo nakuuliza, kaka. Yakiisha je? Gasketi ikiungua, injini inapuliza hewa mpya kila dakika, mapovu hayawezi kuisha. Lakini kama ni hewa iliyoachwa ndani, ina kikomo. Siku zote wewe ukiona mapovu, huwa unangoja?"

Hakimu alikumbuka magari aliyoyahukumu. Hakuwahi kungoja. Akiona mapovu alifuta mikono.

Wakasimama wawili, vichwa vimeinama juu ya kitundu kisichozidi punje ya mahindi. Mapovu yakatoka makubwa, yakatoka madogo, yakatoka moja moja. Kisha ukatoka uzi wa maji ya kijani, mwembamba, ulionyooka, hauna hata kiputo. Muuguzi akaikaza skrubu kwa mkono wake mwenyewe, akawasha injini huku mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, akamwonyesha Hakimu abinye na kuachia mpira wa juu, abinye na kuachia. Mapovu mengine machache yakapanda kwenye faneli. Injini ilipopata moto thamostati ikafunguka kuyapitisha maji, yale ya kwenye faneli yakashuka kwa mkupuo mmoja, Hakimu akaongeza, na mpira wa chini, ule uliokuwa baridi, ukaanza kupata moto chini ya kiganja chake. Ndani ya gari hita ikapuliza joto. Feni ikawaka, ikazima, ikawaka tena.

"Tuliache linguruke nusu saa tuone," alisema muuguzi. Akaingia kiti cha nyuma, akavua viatu, na kabla Hakimu hajafunga mfuniko alikuwa ameshalala.

Hakimu alikaa kiti cha dereva, macho kwenye mshale. Mshale ulikuwa katikati. Alikanyaga mafuta kidogo: katikati. Akangoja mshale upande kama unavyopanda siku zote. Aliutamani upande, Mungu amsamehe; ungepanda, dunia ingerudi mahali pake. Haukupanda. Mchomeleaji alikuja kuegemea dirisha.

"Mheshimiwa, hukumu vipi?"

Hakimu alimtazama kama mtu asiyeijua lugha ile. Mchomeleaji akauona uso huo, akarudi kwenye mitungi yake.

Maana hapo ndipo lilipomjia akilini gari jeupe la shemeji yake.

Lilikuja lote kwa pamoja, akafungua mlango. Shemeji huyo, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa dereva wa teksi. Gari lilikuwa lake mwenyewe, jeupe, la aina ileile na hiki cha buluu, na alilipangusa kila asubuhi kama anavyompangusa mtoto uso. Mwaka ule Hakimu alipofungua gereji, lilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuletwa. Pampu ya maji ilivuja. Hakimu akabadilisha pampu, akajaza maji, akamkabidhi. Siku tatu baadaye likarudi linachemka. Akatazama, akaona mapovu, akafuta mikono. "Injini imekufa, shemeji. Uliliendesha bila maji." Shemeji aliapa kwamba aliangalia maji kila siku. "Basi hukuangalia vizuri," alisema Hakimu, na dada yake alikuwa amesimama palepale akisikia.

Gari liliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Shemeji akaacha udereva, akajifunza kushona viatu. Na dada yake Hakimu, ambaye ulimi wake ulikuwa unajulikana mitaa mitatu, kila walipokosana na mumewe hakukosa la kusema: wewe si ndiye uliyeliua gari kwa uzembe?

Hata hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni utani. Mashemeji ni watani, na Hakimu alikuwa mtani hodari. Kwenye harusi ya mpwa wake alisimama mbele ya watu akasema, "Jamani, birika mlipelekee meza ya shemeji, akiligusa tu linachemka." Watu walivunjika mbavu. Shemeji naye alicheka. Miaka tisa, kila mkusanyiko wa familia, Hakimu alikuwa na utani mpya wa maji na moto, na shemeji alicheka.

Muuguzi alipoamka alikuta fundi ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu.

"Limechemka?" aliuliza.

"Halijachemka, dada," alisema Hakimu. "Nenda kalale. Hunidai, sikudai." Kisha, alipokuwa anafunga mkanda, akamshikia mlango. "Injini iliyokuwa hivi, mtu akasema imekufa. Inawezekana ilikuwa nzima?"

Muuguzi alimwangalia kwa makini, kwa jicho la wodini. "Inawezekana," alisema. "Sijui, kaka. Sikuiona."

Hakimu alifunga gereji saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kwa dada yake kwa miguu na ovaroli yake chafu. Shemeji alikuwa barazani, kiatu cha mtu kwenye kalibu katikati ya magoti, sindano mdomoni. Dirisha la chumba lilikuwa wazi na pasi ilisikika ikigongagonga meza: dada alikuwa ndani, ananyoosha nguo.

"Karibu, shemeji," alisema mshona viatu akitoa sindano. "Mbona umekuja na ovaroli? Kuna msiba?"

"Hakuna. Au upo. Sijui nikwambieje."

"Kaa kwanza."

Hakimu hakukaa. Alijua akikaa atazungumza habari za hali ya hewa. "Lile gari lako jeupe halikufa kwa kukosa maji. Nilipobadilisha pampu niliacha hewa ndani. Kuna skrubu, shemeji, skrubu ndogo ya shaba, sikuijua. Leo ndiyo nimeijua. Hukufanya kosa lolote. Injini yako ilikuwa nzima."

Shemeji alivuta uzi mpaka mwisho, akaupiga fundo.

"Najua," alisema.

Hakimu alidhani amesikia vibaya. "Unajua nini?"

"Najua kama ilikuwa hewa."

Hakimu akakaa bila kupenda, juu ya rundo la viatu vya watu.

"Miezi miwili baada ya kuliuza," shemeji aliendelea, sauti yake haikupanda wala kushuka, "nilikuwa nimesimama kituoni. Likaja likasimama mbele yangu. Nikalitambua kwa bonyeo la mlango wa nyuma, lile nililoligonga kwenye nguzo. Nikamwuliza kijana aliyeliendesha, gari hili si lilikufa? Akacheka. Akasema, 'Hapana, mzee, tuliitoa hewa tu.' Akanipa lifti mpaka hapo kona. Lilikuwa linakwenda vizuri sana."

"Ukanyamaza!"

"Ungefanya nini? Gari lilishauzwa. Na wewe ndiyo kwanza umefungua gereji, hujamaliza hata kuezeka. Ningelisema hilo barabarani, nani angekuletea gari tena? Nikasema acha. Halafu miaka ikapita, na jambo likishapita miaka linakuwa gumu kulianza."

"Miaka tisa umekaa unanisikiliza nikikutania!"

"Ule wa birika ulinichekesha hata mimi," alisema shemeji.

Pasi ilikuwa imenyamaza zamani. Dada alikuwa mlangoni, ameishika mkononi, waya unaburuzika nyuma yake. Alimtazama mdogo wake, akamtazama mumewe. Midomo ilikuwa inakwenda lakini sauti haitoki, na kwa waliomjua hilo lilikuwa jambo la kuogopesha.

"Ulijua," hatimaye alimwambia mumewe. "Na mimi nikikuita mzembe ulikuwa unajua."

"Mama Watoto—"

"Usiniite! Nimekuita muuaji wa gari mbele ya mama yako mzazi! Nimekuita hapo bombani, watu na ndoo zao wakisikia! Kwa nini hukunijibu hata siku moja?"

"Ni mdogo wako," alisema shemeji. "Ulikuwa unajivuna naye."

Dada aliiweka pasi juu ya kitu cha karibu ili apate kujifunika uso, na kitu cha karibu kilikuwa soli ya mteja. Moshi ukapanda, harufu ya ngozi ikajaa barazani, na hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyenyanyuka. Walitazama tu moshi, kama watu waliotoka kwenye ajali na bado wanajipapasa. Mwisho shemeji ndiye aliyeiinua pasi.

Dada hakuwa mtu wa kuomba radhi, wala siku ile hakuomba. Alichofanya ni hiki: kesho yake asubuhi alibeba ndoo yake akaenda bombani, akangoja foleni ijae, kisha akasema kwa sauti aliyoumbwa nayo, "Sikilizeni! Lile gari hakuliua mume wangu. Aliliua mdogo wangu, fundi, yule mnayemwita Hakimu. Mimi nilimsema mume wangu bure miaka tisa. Aliyesikia ya kwanza asikie na hii." Akateka maji akaondoka. Mumewe alipoambiwa na majirani aliacha kushona, akaingia ndani, akakaa humo muda mrefu.

Habari hiyo ilifika gerejini kabla ya saa sita. Hakimu hakuikanusha. Mchomeleaji alimwuliza kama ni kweli, akasema ni kweli, na mchomeleaji akaketi kwenye mtungi wa gesi akishika kichwa. "Na langu?" aliuliza. "Lile dogo uliloniambia nilitupe?" Hakimu akasema hajui. Tangu siku hiyo jina la Hakimu halikutamkwa tena kwa kelele upande ule wa ukuta.

Wateja walipungua kwa miezi kadhaa. Wengine walikuja kugombana, na mmoja alimtukana mbele ya mkewe na Hakimu akasimama akapokea yote. Wengine, kwa jinsi watu walivyo, walileta magari yanayochemka kwa sababu wamesikia kuna fundi aliyekiri. Hao aliwainulia pua ya gari, akafungua skrubu, akangoja. Ikawa gari kwa gari anangoja mpaka mwisho, na mara nyingine mapovu hayakuisha, ikawa kweli ni gasketi. Alipoona hivyo alipata faraja ya ajabu, kisha akaionea aibu faraja yenyewe. Shemeji hakutaka fidia wala kurudi udereva. Alisema mgongo wake umeshazoea kigoda.

Lakini hata sasa mambo hayajamtoka Hakimu. Huwa yuko mezani na mkewe, wanakula na kuzungumza mambo mengine kabisa, mara mkono wenye kijiko unasimama hewani na macho yanamtoka.

"Nini tena?" mkewe huuliza.

"Lile la kijani. La yule mhasibu mwenye mapacha. Mwaka wa pili wa gereji."

"Lilikuwa hewa?"

"Sijui," husema Hakimu, na kijiko bado kiko pale pale. "Nilimwambia alikate vipande."